Ile "bunduki" ya Ngamiani haipigi risasi, inapiga baridi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nimjibu msomaji aliyeandika kutoka Muheza, akiwalaumu "maseremala wa Tanga wanaowachongea vijana bunduki" na kupendekeza vitu vya namna hiyo vipigwe marufuku vyote. Hakunitaja jina, na kwa hilo namshukuru. Lakini ile picha aliyoisema, iliyozunguka kwenye simu za watu, ya kijana aliyeshika dude refu lenye mabomba na mapezi mbele ya mlango wa buluu, mlango ule ni wa karakana yangu na dude lile limetoka juu ya meza yangu. Kwa hiyo jibu ni langu.

Mimi ni seremala wa Ngamiani, hapa Tanga. Kazi zangu ni vitanda, makabati, fremu za milango, na msiba ukitokea, jeneza. Silaha sikuwahi kutengeneza. Aliyeniletea kazi hii ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayesomea ufundi umeme. Yeye na wenzake wanapiga filamu fupi ya kubuni kuhusu Tanga ya miaka mia mbili ijayo. Bahari imepanda, mitaa ya chini imezama, maji ya kunywa yanafungiwa kwenye maghala, na walinzi wa maghala wanabeba chombo cha kugandisha watu. Hakina risasi wala moto. Kinapuliza baridi, na aliyepulizwa anakauka wima kama changu wa kwenye friza mpaka wakubwa waje kumhoji. Kwa kweli hadithi yenyewe ina matundu mengi (nani analipia umeme wa kumyeyusha?) lakini mimi niliitiwa mbao, sikuitiwa hadithi.

Aliponiambia, "Mjomba, nataka ionekane ya kweli," alikuwa ameshika kwapani bunduki ya plastiki, zile wanazonunua watoto sikukuu ya Idi. Alitaka niigongomee mabomba, niipake rangi nyeusi, basi. Ndugu yangu wa Muheza na mpwa wangu hawajuani, lakini siku ile walikuwa na mawazo mamoja: kwamba silaha ya filamu ikiwa na uhalisia, maana yake imefanana na SMG, bunduki ya kweli ya askari. Mimi nasema sivyo, na hii barua nzima nimeiandika kwa sababu hiyo.

Sikumlaumu kijana, kwa sababu waliomtangulia walipita njia hiyohiyo. Alinionyesha kwenye simu. Katika Star Wars, filamu ya vita vya angani ya mwaka 1977, bastola ya mhusika Han Solo ni Mauser C96 ya Kijerumani iliyofungwa darubini na vikorokoro vingine. Ni kampuni ileile iliyounda bunduki za askari wa Mjerumani waliopigana hapa Tanga Novemba 1914. Wale askari wenye mavazi meupe wa kwenye filamu hiyo wanabeba bunduki aina ya Sterling ya Kiingereza. Miaka tisa baadaye, katika filamu ya Aliens, walichukua bunduki aina ya Thompson ya Marekani wakaichanganya na vipande vya shotigani, wakaivalisha ganda, ikawa bunduki ya karne zijazo. Sababu yao naielewa. Bunduki ya kweli ina uzito wake, skrubu zake zinaeleweka, na ikijazwa baruti isiyo na risasi inatoa mwako mbele ya kamera. Mwigizaji akiishika, bega lake linajua.

Lakini kwenye filamu ileile ya 1977 kuna kitu kingine kilichonishika zaidi. Mpini wa upanga wa mwanga wa Luke, shujaa wa filamu hiyo, ni mshikio wa flashi ya kamera ya zamani, aina ya Graflex, kifaa walichotumia wapiga picha wa magazeti. Hakuna bunduki pale. Kuna bomba la chuma la kumulikia sura za watu, wakalibandika vipande vya mpira na kipande cha kikokotoo, na dunia nzima ikaamini kwamba ni silaha ya kale ya mashujaa. Nikamwambia mpwa wangu, hii ndiyo njia yetu. Hiyo bunduki ya Idi mrudishie mwenyewe.

Tukaanza na swali moja ambalo nilimuuliza mpaka akachoka: hiki kinafanya kazi gani? Alichora bomba linazunguka juu. Linapeleka nini, kutoka wapi kwenda wapi? Alichora vitufe sita. Mlinzi mwenye glavu atabonyeza vipi vitufe sita usiku? Chombo kinachopuliza baridi lazima kiwe na chupa ya gesi, njia ya gesi, mahali pa kutolea joto, na mdomo mpana wa kutawanyia. Ukishajibu hayo, umbo linajichora lenyewe, na umbo hilo halifanani na bunduki hata kidogo. Limekaribiana zaidi na pampu ya kupulizia dawa ya mbu iliyozaa na pikipiki.

Kiini tulikitoa kwenye mkonge. Msomaji wa Tanga anaujua ule mlingoti unaochomoza katikati ya mmea uliozeeka, mrefu kuliko nyumba. Ukikauka ni mwepesi ajabu. Nyama yake ni laini, ganda lake gumu. Watu wanajengea uzio na kuezekea mabanda. Mkonge uko mwambao huu tangu 1893 na tumeufanya kamba, magunia na mazulia, lakini sijaona mtu akiuchonga silaha ya kupulizia barafu. Nilikereza kipande kikawa chupa ya gesi, kingine nikakipasua kikawa mwili. Ubaya wake ni nyuzi. Ukipaka rangi moja kwa moja, nyuzi zinasimama na kila mtu anaona kwamba ni mti. Dawa yake ni kupaka gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, ikauke, urudie, kisha bodi fila ile ya wanyoosha mabati ya magari, halafu msasa namba 80, 180, na mwisho 400 wa maji. Pale unapoona umemaliza, paka praima ya kijivu, utaona hujamaliza. Praima haina aibu. Kila mkwaruzo inausema.

Mapezi ya kutolea joto ni ya kweli, yametoka kwenye silinda ya pikipiki iliyokufa. Wauza vyuma chakavu wanazo nyingi na wanakuuzia kwa kilo. Nilikata vipande viwili tu, kwa sababu aluminiamu ile ina uzito. Bomba la shaba limetoka nyuma ya friji bovu, nimelikunja kwa kulijaza mchanga ndani lisipondeke. Mdomo ni faneli ya mafuta ya taa, na ndani yake nimeziba kwa chujio la chai. Ndiyo, ndugu yangu wa Muheza, ukiinamia mdomo wa silaha iliyokutisha utaona chujio la chai, na nyuma yake taa ndogo ya buluu. Tundu la risasi halipo. Kifyatuo pia hakipo. Kuna wenzo wa breki ya baiskeli, kwa sababu anayefungulia gesi anaminya kwa vidole vinne, havuti kwa kidole kimoja. Taa ni kazi ya mpwa wangu: betri tatu za saa ya ukutani, rezista ndogo ya omu 100 ili taa isiungue, na swichi iliyofichwa chini ya mkanda.

Kuna kijana alishauri tupinde bomba la plastiki la maji kwa kulishikilia juu ya jiko la mkaa. Nilimkataza na naomba wengine nao wasikie: plastiki ile ikibabuka inatoa moshi mkali wenye asidi, unakata kifua. Maji yanayochemka yanatosha kulilainisha.

Sasa nije kwenye uchakavu, maana hapo ndipo vijana wengi wanapoharibu. Wanafikiri kitu kikuukuu ni kitu kilichochafuliwa. Wanachukua rangi ya fedha wanaipiga kila mahali, mtu akiona anajua hii ni rangi ya fedha. Nilimpa mpwa wangu randa yangu, niliyorithi kwa fundi aliyenifundisha, nikamwambia aiangalie bila kuongea. Mshikio umeng'aa pale kiganja kinapokaa, lakini kwenye kona isiyoguswa bado una rangi ya kiwandani. Chuma kimeliwa upande mmoja kwa sababu fundi yule alikuwa wa mkono wa kushoto. Kitu kinachakaa mahali kilipoguswa, na ukijua kiliguswa wapi unamjua mwenye nacho. Basi tukamtafuta mlinzi wa ghala. Je, anatumia mkono gani? Mkanda unapita bega gani? Akichoka anakiegemeza wapi? Ukutani, bila shaka, kitako chini. Basi kitako kimeparuzika na mdomo umekwaruzika upande mmoja. Akisubiri zamu anafanya nini? Anachezea ule wenzo wa breki. Basi rangi ya wenzo imetoka yote.

Kubanduka kwa rangi tulikufanya kwa chumvi, na hii ni mbinu ya mafundi wa vitu vya filamu duniani kote, sikuibuni mimi. Unapaka rangi ya chini, kwetu ilikuwa ya chuma. Ikikauka unalowanisha kwa maji pale unapotaka pabanduke, unanyunyiza chumvi ya mawe, unaacha ikamatie. Kisha unapuliza rangi ya juu. Ikikauka unasugua, chumvi inadondoka na kuondoka na rangi iliyoishikilia, na pale chini chuma kinachungulia kwa kingo zisizo sawa ambazo mkono wa mtu hauwezi kuzichora. Kwa mng'ao wa chuma chenyewe, nilisaga ncha za kalamu ya risasi nikapaka unga wake kwa kitambaa juu ya rangi nyeusi isiyong'aa. Hiyo ndiyo risasi pekee iliyoingia karakana yangu.

Halafu maandishi. Hakuna mashine duniani isiyo na maandishi: namba, onyo, mahali pa kujazia mafuta. Silaha nyingi za filamu za vijana wetu zina maneno ya Kiingereza yaliyotolewa kwenye intaneti, hata kama hadithi inatokea Pongwe. Nilikataa. Ghala ni la Tanga, mlinzi ni wa Tanga, chombo kimeundwa Tanga, kwa nini kionye kwa lugha ya mwingine? Tulikata herufi kwenye filamu kuukuu ya eksirei, kama wanavyofanya wachora mabango, tukapuliza: GHALA LA MAJI NA. 3. JAZA GESI HAPA. BARIDI KALI, VAA GLAVU. Pembeni, kwa maandishi ya mkono kama ya mtunza stoo, tarehe ya ukaguzi. Dada yangu alipoona neno "ukaguzi" alisema sasa naamini, kwa sababu hakuna serikali itakayoacha kukagua hata miaka mia mbili ijayo.

Tulitengeneza mbili. Hiyo ya mkonge na shaba ni ya kupigwa picha kwa karibu. Ya pili ni ya kukimbia nayo na kuanguka nayo, imekatwa kwenye mpira wa soli za ndala, imegundishwa kwa gundi ya viatu na kupakwa rangi zilezile. Hata ikimpiga mtu kichwani hainyanyui nundu.

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu msomaji wako aliandika kana kwamba tulikaa gizani tukachonga kitu cha kutishia watu. Hofu yake lakini siidharau. Kwenye picha ya simu, ndogo, yenye giza, mtu ameshika kitu kirefu. Anayo haki ya kushtuka. Na wapo vijana wanaofanya hilo analoliogopa. Kuna kundi moja, silitaji, walipiga tukio la ujambazi karibu na kituo cha mabasi wakiwa na bunduki za plastiki walizozipaka nyeusi. Kamera walikuwa wameificha ndani ya gari ili watu waonekane wameshtuka kweli. Watu walishtuka kweli. Mama muuza maandazi alimwaga mafuta ya moto akikimbia, na waendesha bodaboda walikuwa wameshaokota mawe kabla mmoja wa vijana hajapiga kelele kwamba ni filamu. Hapa kwetu, Mhariri, unajua neno "mwizi" likishatoka mdomoni halirudi. Wananchi wenye hasira hawakagui kama bunduki ni ya mti.

Kwingine wamezika watu kwa pande zote mbili za jambo hili. Novemba 2014, mjini Cleveland, Marekani, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa anachezea bastola ya bandia bustanini. Sheria ya kwao ya mwaka 1988 inataka bunduki za kuchezea ziwe na alama ya rangi ya chungwa mdomoni. Ile ilikuwa imetolewa alama. Polisi alimpiga risasi sekunde chache tu baada ya gari kufika, akafa kesho yake. Na Oktoba 2021, huko New Mexico, mpigapicha wa filamu Halyna Hutchins aliuawa kazini kwa bastola ya kweli iliyokuwa na risasi ya kweli ndani, wakati ilitakiwa isiwe na madhara. Mmoja ameuawa kwa sababu bandia ilifanana na ya kweli, mwingine kwa sababu ya kweli ilifanywa ya kuigizia. Ukiniuliza mimi, kipo kifaa kisichokuwa na hatari hata moja ya hizo mbili, nacho ni kile ambacho hakifanani na bunduki yoyote iliyopo duniani na ndani yake hakuna kitu isipokuwa mkonge na chujio.

Ndiyo maana sikubaliani na pendekezo la kupiga marufuku kila kitu. Uingereza, kwa sheria yao ya mwaka 2006, wamezuia kutengeneza na kuuza bunduki bandia zinazofanana na za kweli, lakini wameacha mlango kwa filamu, michezo ya jukwaani na makumbusho. Tena wameeleza kufanana ni nini: kitu chenye rangi kali kama nyekundu, njano au waridi hakihesabiwi, wala chenye umbo la silaha za kabla ya 1870. Yaani gobore la kuigizia vita vya zamani halina ugomvi. Naliona hilo kuwa la akili kuliko kumwambia seremala asichonge.

Sisi tunayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, inayotaka kibali kabla ya kupiga filamu, na tunayo sheria ya silaha ya mwaka 2015. Mpwa wangu na wenzake walishughulikia kibali chao. Juu ya hapo walikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa wakapata barua yenye mhuri, wakapita kituo cha polisi wakiwa na picha za vyombo vyote viwili, na siku ya kupiga wakaweka bango kubwa barabarani kila upande: HAPA INAPIGWA FILAMU. Vyombo vilisafiri ndani ya sanduku la plaiwudi nililowatengenezea mwenyewe, lenye kufuli na nakala ya barua kwenye kifuniko. Sanduku lilipofunguliwa ufukweni Raskazone, dereva wa bajaji aliyewaleta alichungulia akauliza kama ni mashine ya kutengenezea aiskrimu. Kijana aliudhika. Mimi nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi kwa sifa ya kabati.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni uwaulize wahusika wa filamu na wa usalama watuandikie gazetini, kwa Kiswahili chepesi, kijana wa Tanga mwenye kamera ya simu na silaha ya kubuni anatakiwa aanzie ofisi gani, aende na karatasi gani, na avibebe vipi barabarani. Wale wa kituo cha mabasi walihitaji kuyasoma hayo kabla ya kununua rangi nyeusi.

Nimalizie na wateja. Tangu picha ile izunguke nimepata wanaotaka chombo hicho kwa picha za harusi. Nimewaambia si mali yangu, wazungumze na vijana filamu ikiisha. Lakini alikuja na mzee mmoja mwenye duka, mtu mzima na heshima zake, akataka nimchongee SMG ya mninga, kamili na mkanda wake, ampe mlinzi wake wa usiku asimame nayo mlangoni. Aliahidi kulipa vizuri. Nilimkatalia hapo hapo, na alipouliza kwa nini nilimpa kiti nikamweleza. Kama ndugu yangu wa Muheza ataandika barua ya pili kuhusu watu wa namna hiyo, aniletee niiwekee saini.

Wako,
Fundi Seremala,
Ngamiani, Tanga.